Mluzi Mlangoni

Mwalimu wa darasa la tatu aliniita shuleni.
Akasema, Mama Nafuna, mwanao ana adabu,
hesabu anaziweza, lakini kila akitoka msalani
husimama nje ya darasa na kupiga mluzi,
mara mbili fupi, mara moja ndefu,
ndipo aingie. Wenzake wanamcheka.
Nani kamfundisha?

Nikatazama vumbi la chaki ukingoni mwa ubao.
Nikasema, nitazungumza naye.
Sikuzungumza naye.

Ningeanzia wapi? Mwaka ule uliporudi
na begi lako la kijani, miguu miwili, mikono miwili,
nusu ya Chwele ilikuja kula kwetu,
wakakushika mabega, wakasema Mungu ni mwema,
hana hata mkwaruzo.
Usiku wa nne nilitoka nje haja ndogo.
Niliporudi, kabla sijagusa kitanda,
nilikuwa ukutani, mkono wako kooni mwangu,
na macho yako yanamtazama mtu mwingine
aliyebaki kule, kwenye mchanga wa Somalia.

Ulipozinduka hukusema neno.
Ulibeba blanketi ukaenda kulala jikoni, kando ya kuni,
na mlango ukauegemezea jiwe la kusagia.

Mluzi niliutunga mimi, nikipalilia vitunguu.
Niliujaribu kwa siku tatu, midomo ikapasuka,
mpaka nikapata ule usiofanana na ndege yeyote
wala na mtu yeyote aliyewahi kukuamuru.
Mbili fupi, moja ndefu: ni sisi. Ni wa nyumbani.
Nafuna akaushika kabla hajajua kufunga viatu.

Mama yako aliuchukia. Msichana hapigi mluzi, akasema,
na usiku mluzi huita nyoka.
Nikamjibu, nyoka keshaingia, mama.
Tunamjulisha tu kwamba tunapita.
Wiki mbili hakunisemesha.

Kisha ikaja fomu ya fidia.
Ina mchoro wa mwanamume asiye na uso,
mbele na nyuma, kama nguo iliyoanikwa.
Weka alama mahali palipoumia.
Ulikaa nayo tangu chai ya saa nne
hadi kuku wakaingia bandani,
kalamu ikizunguka juu ya kile kichwa kitupu
kama mwewe asiyeona kifaranga.
Ukairudisha ilivyo.
Karani wa Bungoma akaipindua, akaipindua tena,
akasema, basi, afande, huna kitu.

Siku hizi Alhamisi wanakuja wale wanne,
Wekhomba, Masafu, Okisai wa kutoka Malaba,
na yule Kiprotich wa mlimani asiyevua kofia.
Wanaita chama cha kuku. Kila mwezi mmoja hupewa mtetea.
Saa nzima ni mdondo, ni chanjo, ni bei ya pumba,
halafu mmoja anasema, siku ile gari la maji...
na hamalizi.
Hakuna anayemwambia amalize.
Wote wanamtazama yule kuku aliyefungwa miguu.
Masafu anasema, joto lilikuwa kali siku ile.
Kali, wanasema. Kali sana.
Mimi niko nje na birika, napiga mluzi,
na vichwa vitano vinageuka polepole
kama ng'ombe waliosikia sauti ya mchungaji wao.

Si kwamba umepona. Juzi waliunguza miwa ng'ambo ya mto,
mabua yakapasuka, ukalala kifudifudi kwenye mtaro
mpaka giza likaingia, na Nafuna akalala kando yako
akikuhesabia mchwa.

Lakini jana umeme ulipotea, mvua ya mawe ikapiga mabati,
ukajifungia jikoni. Nilikuwa sina mate ya kupiga mluzi.
Mama yako akanipita na bakuli la uji, gunia kichwani,
akasimama mlangoni, akakusanya ile midomo yake isiyo na jino.
Fuu. Fuu. Fuuuu.

Kimya.
Kisha sauti yako, kutoka mbali:
Mama, huo si mluzi. Huo ni upepo.

Basi ufungulie upepo, akasema, uji unapoa.

Ilichukua muda. Uji ulipoa kweli.
Ndipo nikasikia jiwe likiburutwa.